Datsun ya Marehemu: Iuzwe au Itengenezwe?

Yapata miezi minne sasa, kila nitokapo msikitini baada ya alasiri na kushika njia ya kwangu hapa Tudor, nasikia nyundo. Si ya seremala, maana seremala hupiga kwa mfululizo. Hii hugonga bati mara mbili tatu, ikanyamaza, kisha ikagonga tena, kana kwamba mwenye kuishika anauliza swali na kungoja jawabu. Majirani wamekwisha kuizoea. Mimi sijaizoea, kwa sababu naujua ua itokako, na nalijua gari linalogongwa.

Ni Datsun 240Z ya mwaka 1972. Mzee mmoja wa mtaa wetu, karani wa bandarini, aliinunua mwaka 1979 kwa Mzungu aliyekuwa akirudi kwao. Mimi wakati huo ni mtoto wa chuoni, na kila Alhamisi maalimu alipotufungulia tulikimbilia mbele ya baraza ya mzee huyo kulitazama gari. Pua yake ndefu, paa limeteremka nyuma kama mgongo wa samaki, milango miwili tu, na viti viwili tu. Mzee alikuwa na watoto watatu tayari, na mkewe hakuona taabu kumwuliza mbele ya watu: "Na hawa utawapakia wapi?" Mzee akicheka tu, akifuta kioo.

Alifariki mwaka 2023, Mwenyezi Mungu amrehemu. Ameacha mjane, wana wawili na mabinti watatu. Gari lilikuwa limelala uani chini ya turubai kwa zaidi ya miaka ishirini, kuku wakitaga ndani yake. Kisha akaja mnunuzi, mtu mwenye adabu na viatu vizuri, akalizunguka mara mbili, akataja bei iliyowafanya watoto wa marehemu watazamane. Wanne wakasema liuzwe. Yule mdogo, mwenye miaka thelathini na nne, akasema hapana, mimi nitalitengeneza hapa hapa uani, na nitalifanya bora kuliko lilivyokuwa.

Hapo ndipo nilipoitwa. Sikuitwa kwa kuwa najua magari, bali kwa kuwa nina mvi na nilisoma faraidhi kidogo kwa maalimu wangu. Tangu siku ile nimeuliza mafundi, nimesoma, nimekaa juu ya ndoo uani nikatazama kazi, na leo nataka kulichambua jambo hili hapa, kwani naona si la nyumba ile peke yake. Kila mtaa wa Mombasa, na wa Malindi na Lamu pia, una kitu cha kale kilicholala chini ya turubai, na mnunuzi anakuja.

Nianze na bei, maana ndiyo iliyoleta mzozo. Kwa nini mtu atoke mbali kulifuata gari lenye kutu? Gari hili lilitolewa huko Japani mwishoni mwa mwaka 1969 kwa jina la Fairlady Z. Yasemwa kwamba mkubwa wa kampuni aliutazama mchezo wa My Fair Lady akalipenda jina. Bwana Yutaka Katayama, aliyekuwa akiongoza biashara ya Nissan Marekani, aliona jina hilo halitamfaa mwanamume wa Kimarekani hata kidogo, akataka liitwe 240Z. Hiyo 240 ni ukubwa wa injini, lita 2.4. Silinda sita kwa mstari mmoja, kabureta mbili, na bei yake Marekani mwaka 1970 ilikuwa kama dola 3,500. Gari la michezo la Ulaya lenye mbio kama hizo lilikuwa ghali kuliko hilo, na aghalabu halikuwaka asubuhi ya mvua.

Lakini sisi wa Afrika Mashariki hatukulijulia Marekani. Tulilijulia katika Safari Rally. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda kwa 240Z, na wa pili alikuwa Shekhar Mehta, naye katika 240Z. Mwaka 1973 akashinda Mehta mwenyewe pamoja na Lofty Drews, na ushindi ule wazee bado waubishania barazani: yeye na Harry Källström, ambaye naye aliendesha Datsun ya aina nyingine, walilingana alama sawasawa, ikabidi watazamwe ni nani aliyekwenda mbali zaidi kabla ya kupata alama ya kwanza ya kosa. Mehta alizaliwa Uganda, akaja kuishinda Safari mara tano. Marehemu wetu alikuwa akisema alilinunua gari lile kwa sababu ya Mehta, si kwa sababu ya viti.

Safari iliondolewa katika mashindano ya ubingwa wa dunia baada ya mwaka 2002, ikarejeshwa mwaka 2021. Katikati, tangu mwaka 2003, yakazuka mashindano ya magari ya kale, East African Safari Classic, ambayo mara nyingi hufika huku kwetu pwani. Wageni wanakuja na Porsche na Datsun na Ford za miaka ile, na pamoja nao huja macho ya kutazama nyua za watu. Na mwezi Januari mwaka 2020 huko Marekani 240Z moja ya mwaka 1970 iliuzwa mnadani kwa dola 310,000. Tangu hapo kila mwenye Z, hata kama haina sakafu, hulala akiota ndoto za Firauni.

Hapa pana kosa la hesabu ambalo lazima nilieleze. Gari lile la dola 310,000 lilikuwa halijatembea hata maili 22,000 katika miaka hamsini. Wanunuzi walilipia kutotumika kwake. Letu lilitumika. Lilikwenda Malindi kwa maziko na Lungalunga kwa harusi. Usiku mmoja wa mwaka 1984 lilimpeleka jirani hospitalini na uchungu wa kuzaa, kiti kimelazwa nyuma mpaka mwisho. Gari la namna hiyo haliwezi kuuzwa kwa bei ya bikira. Soko hulipa vizuri gari lisiloguswa, hulipa vizuri kiasi gari lililotengenezwa kwa ukamilifu, na hulipa vibaya kuliko yote gari lililotengenezwa nusunusu na mtu mwenye haraka. Kwa hiyo ndugu zake kijana hawakuwa wapumbavu. Walihofu kwamba nyundo ile ingeyapunguza mafungu yao, na hofu hiyo ilikuwa ya haki.

Kuna na upande wa pili. Kanuni ya Kenya kwa kawaida hairuhusu kuingiza gari kuukuu lililozidi umri wa miaka minane. Gari la mwaka 1972 likipakiwa melini pale Kilindini, halirudi, wala halina nduguye atakayekuja badala yake. Hilo nalo lilistahili kutiwa katika mizani.

Sasa tuingie uani.

Nilidhani kutu ni ile inayoonekana. Kijana akachukua bisibisi, akasema, "Ami, tazama hapa," akaidunga mahali palipokuwa na rangi safi inayong'aa. Bisibisi ikazama mpaka mpini. Kikulacho ki nguoni mwako! Gari hili lina sifa mbaya duniani kote kwa kutu, na mahali pake panajulikana: chini ya betri, ambako asidi hudondoka, mihimili miwili ya mbele inayobeba injini, sakafu chini ya zulia, pembe za bodi nyuma ya milango, shimo la tairi la akiba, na lile bonde lililo chini ya kioo cha mbele, ambako majani ya mwarobaini hukusanyika na kuzuia maji yasitoke. Ongeza upepo wa chumvi wa hori ya Tudor, mchana na usiku, miaka zaidi ya arubaini.

Na ubaya wa gari hili ni kwamba halina chesisi ya peke yake kama lori. Bodi ndiyo chesisi. Ukikata sakafu ovyo, nyumba nzima hulegea, na baada ya hapo milango haifungiki tena maisha. Kijana alilijua hilo, nami nikaanza kumheshimu. Kabla ya kukata hata inchi moja alichomelea vyuma vya kupitia ndani ya nafasi za milango, akapima kutoka tundu hadi tundu, akaandika vipimo katika daftari la shule. Kisha akatengenezewa na mafundi wa jua kali fremu ya mabomba ya maji, bodi ikatiwa humo, ikawa yaweza kupinduliwa kama mbuzi wa kuchoma. Jambo dogo hilo, lakini ndilo linalomtenga fundi na mharibifu, kwa sababu mtu anayechomelea juu ya kichwa chake, amelala chali, cheche zikimwingia shingoni, hachomelei vizuri hata angekuwa bingwa.

Bati lenyewe ni jembamba, halifiki milimita moja. Hulichomelei kwa mstari. Unatia nukta hapa, nukta kule, unangoja lipoe, unatia nyingine katikati. Ndiyo maana nyundo ile hunyamaza. Ukikimbilia kumaliza, bati hujikunja kwa moto kama karatasi, na hapo ndipo watu hukimbilia pati. Pati ina mahali pake, kufuta mkwaruzo mwembamba, lakini kwetu imegeuzwa kuwa bati. Katika kizingiti cha mlango wa kushoto, fundi fulani wa zamani alijaza tundu kwa gazeti lililofinyangwa, akapaka pati juu, akapiga rangi. Gazeti likatolewa, la Kiswahili. Sikuona haya kulikunjua nitazame kama mna shairi langu. Hamkuwamo.

Chumvi ya hewa yetu ina sheria yake. Bati lililosafishwa alasiri, likiachwa wazi usiku, huamka na rangi ya chai. Kwa hiyo kijana hasafishi ila sehemu anayoweza kuipaka rangi ya kwanza siku ile ile, ile rangi ya epoksi inayoshika chuma. Baadaye hutia gundi katika maungio, kisha rangi, na ndani ya mihimili, mahali ambapo brashi haifiki, hunyunyiza nta ya maji maji. Na yale matundu madogo ya kutolea maji chini ya milango na vizingiti, ambayo watu huyaziba wakidhani ni kasoro, huyaacha wazi.

Nilipomwona akinyunyiza nta nilimkumbuka mjomba wangu mjini Lamu, aliyekuwa akipandisha jahazi pwani kila mwaka. Watu walichokoa kalafati kuukuu, wakatia pamba mpya baina ya mbao, wakapaka sifa ya papa ndani na deheni ya chokaa na shahamu nje. Ubao ulioliwa baharini ulitolewa, ukatiwa mwingine. Hakuna aliyesema jahazi si lile. Lakini nilimwuliza siku moja, nikiwa mtoto mwenye maswali mengi, mbao zote zikibadilishwa je? Akasema, "Madhali mkuku ni ule ule, ni jahazi lile lile."

Nacheka nikiona kwamba serikali ya Uingereza iliishia karibu na pale alipokuwa mjomba. Kwa miaka mingi wakubwa wa kuandikisha magari kule walikuwa na hesabu ya pointi: gari lililofanyiwa mageuzi makubwa lilihitaji pointi nane kubaki na nambari yake ya asili. Bodi au chesisi ya asili ilipewa pointi tano. Springi na shoka zake mbili, ekseli mbili, gia mbili, usukani mbili. Injini? Moja tu. Nilipolisoma hilo nililisoma tena. Vijana wote wanaohangaikia injini, na kumbe mbele ya sheria injini ndiyo nyepesi kuliko vyote. Kisha mwezi Agosti mwaka 2025 kanuni zikalegezwa: mtu anayetengeneza gari la kale kwa vipande vya namna ile ile, sura ikabaki ileile, hahitaji tena kuwaarifu, na hata aliyefanya mageuzi makubwa, madhali amewaarifu, aweza kubaki na nambari yake. Wenye magari ya kale walishangilia. Mimi naona ndani yake mna hatari: ikiwa daftari la serikali halitaandika tena kila kilichobadilishwa, basi daftari la mwenye gari ndilo shahidi aliyebaki. Nitalirudia hili.

Tuje katika kuboresha, maana kutengeneza na kuboresha ni mambo mawili, na fitina nyingi hutoka katika kuyachanganya. Orodha ya kwanza ya kijana ilinichekesha kwa kuwa ilikuwa orodha ya umri wake. Alitaka injini ya lita 2.8 kutoka katika Z za baadaye, ambayo kwa kweli huingia mahali pa ile ya 2.4 bila matata. Alitaka kabureta tatu za Weber. Alitaka tairi pana. Nikamwuliza, "Na breki?" Akasema breki zitakuja. Nikamwambia, mwanangu, barabara ya Mombasa kwenda Nairobi ina malori elfu, na hakuna hata moja litakalongoja breki zako zije.

Tulibishana siku mbili. La kushukuru ni kwamba jawabu la breki lilikuwa karibu na nyumbani. Gari hili lina diski mbele na dramu nyuma, na kalipa zake za mbele ni ndogo. Mafundi wa nchi nyingi wamegundua zamani kwamba kalipa za pistoni nne za Toyota Hilux ya magurudumu manne, zile za kuanzia mwaka 1979 hadi 1985, zafungika pale pale kwa boliti, ukikata tu kidogo bati la kuzuia vumbi. Hilux! Gari la miraa na saruji! Lakini ukizitia kalipa kubwa lazima utazame masta silinda nayo, kwani hizo zahitaji mafuta zaidi, na pedali itazama mpaka chini; na lazima utazame usawa wa mbele na nyuma, gari lisije likapiga pua huku mkia unatafuta kukupita. Alizipata kalipa katika duka la spea kuukuu, moja imeshika kutu, moja nzima. Alizifungua akatia mipira mipya. Kipande cha zamani hakukitupa. Kimo katika sanduku, kimefungwa kikaratasi.

Hapa niseme la afya, maana limenikera. Lainingi za breki za zamani nyingi zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake likiingia mapafuni ni ugonjwa usiotoka. Mara ngapi tumeona fundi akipuliza vumbi la dramu kwa kompresa, na kijana wake wa kujifunza amesimama mbele mdomo wazi? Lirowesheni kwa maji, mlifute, mlifunge katika mfuko. Na tangi la petroli, hata likiwa tupu miaka ishirini, halichomelewi nyumbani. Hilo halina mjadala.

Baada ya breki, waya. Katika gari hili umeme wote wa taa kubwa hupita katika swichi ya usukani yenyewe. Swichi huungua, na sanduku la fyuzi huyeyuka. Rilei mbili za bei ndogo huiondolea swichi mzigo huo, wala hakuna atakayeziona. Distributa yake hutumia pointi zinazochakaa. Ile ya elektroniki kutoka 280ZX hukaa mahali pake, na altaneta ya gari hilo hilo hutoa umeme zaidi. Halafu joto. Kabureta zake zimekaa juu ya eksozi, na siku ya Februari pale Makupa, foleni imesimama, petroli huchemka ndani yake na gari likazimika. Bati la kukinga joto baina ya viwili hivyo, na redieta iliyosafishwa, ni tiba kubwa kuliko Weber tatu. Petroli isiyo na risasi, ambayo watu waliiogopa ilipokuwa ya lazima kwetu mwaka 2006, si kilio kikubwa hapa: silinda hedi ni ya aluminiamu yenye viti vya vali vilivyopachikwa, na vikichakaa fundi wa mashine huvitoa na kupachika vigumu zaidi.

Binti mkubwa wa marehemu, anayefanya kazi Nairobi, alileta rai ya kulitia mota ya umeme. Si rai ya kubeza. Kampuni iliyoanza kwa jina la Opibus mjini Nairobi iligeuza magari ya watalii kuwa ya umeme, na gari linalomfikia tembo bila kelele lina manufaa yake. Ningekuwa na matatu ningelisikiliza sana neno hilo. Lakini gari hili halitatembea kila siku, moshi wake kwa mwaka hautazidi wa lori moja la jioni moja, na sauti yake ndiyo nusu ya lilivyo. Nikasema hapana, na mama mjane akaitikia kwa kichwa, jambo ambalo halikunipa raha maana lilionekana kama tumeungana dhidi ya binti.

Sasa mafungu. Mjane ana thumuni, kwa kuwa marehemu ameacha watoto. Thumuni saba zilizobaki hugawanywa kwa wana wawili na mabinti watatu, mwanamume kwa fungu la wanawake wawili: kila binti thumuni moja, kila mwana thumuni mbili. Hesabu imekuja safi ajabu, haikubaki hata senti. Lakini bonati humpi nani, na usukani humpi nani? Gari haligawanyiki. Na kama kijana analitengeneza kwa fedha zake na jasho lake, ile thamani itakayoongezeka ni ya nani? Na ikipungua, ni hasara ya nani? Nimeona nyumba zikivunjika kwa friji, seuze gari.

Rai yangu ilikuwa hii, nao waliikubali baada ya chai mara tatu. Gari lithaminiwe lilivyo siku ile, na kutu yake na kuku wake, na watu wawili wasio wa nyumba ile. Kijana awe amelinunua kwa bei hiyo, thumuni zake mbili zikatwe, na zile sita ziwe deni juu yake, kwa muda maalumu, liandikwe na kushuhudiwa. Aya ya deni ndiyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, na sisi ndio watu wa kukopeshana kwa mdomo! Kaka yake akauliza, je, akiliuza mwakani kwa mara kumi? Nikasema faida ni yake, kama ambavyo hasara ingekuwa yake. Hakulipenda jibu hilo, na sidhani kama amelipenda mpaka leo.

Na la daftari. Nilimtaka kijana aandike kila alichokitoa na kila alichokitia, tarehe, nambari ya kipande, na picha ya mahali palipooza kabla hajapafunika. Siku atakayoliuza, akitaka kuliuza, daftari liende na gari. Kuuza kitu chenye aibu iliyofichwa twajua hukumu yake tangu chuoni. Mnunuzi ana haki ya kukirudisha. Lakini katika magari ya kale aibu ndiyo sanaa yenyewe ya kuficha: rangi inayong'aa juu ya gazeti. Mwaka 1997 Nissan Marekani wenyewe walinunua 240Z kuukuu, wakazitengeneza upya na kuziuza kwa kiasi cha dola 25,000, na hazikufika hamsini kabla hawajaacha, ingawa walikuwa na kiwanda na jina. Na 240Z yenyewe iliyoshinda Safari mwaka 1971 ilikuja kutengenezwa upya mwaka 2013 na kikundi cha wafanyakazi wa Nissan wa kujitolea huko Japani. Kazi hii haina njia ya mkato.

Jambo lililonishinda kulitia katika hesabu ya thumuni ni fundi mzee. Anatoka Majengo, amepita miaka sabini, huja Jumamosi kwa bodaboda na mkoba wa ngozi. Wanawe hutengeneza magari ya siku hizi kwa kompyuta, nao wanakula vizuri, Mungu awazidishie. Yeye hakuna amwitaye. Kazi ya kusawazisha kabureta mbili zivute hewa sawa, ambayo vitabu huieleza kwa kurasa nyingi, yeye huifanya kwa kipande cha mpira wa maji: ncha moja sikioni, ncha nyingine kwenye mdomo wa kabureta, akasikiliza mlio, akazungusha skrubu, akahamia ya pili. Juma lililopita injini ikiwa juu ya stendi mbali na bodi iliwashwa kwa mara ya kwanza. Ilikohoa, ikatoa moshi mweusi, ikasimama juu ya silinda tano. Mzee akamwita kijana, akampa ule mpira, akamwambia, "Sikiliza wewe." Kijana akasikiliza, akasema haoni tofauti. "Sikiliza tena."

Walikuwa bado wanasikiliza adhana ya magharibi ilipolia. Mnunuzi amerudi mara moja tangu hapo. Alionyeshwa daftari, akalisoma ukurasa kwa ukurasa amesimama juani, akauliza kama aweza kuja tena kazi itakapokwisha. Mama mjane alitoka na maji ya kunywa, akamwambia aje tu, kisha akamgeukia mwanawe akamwuliza kama honi itakuwa ile ile.